Kituo cha Tunguu na Safari ya Mwezini

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962 iliangukia katikati ya mwezi wa Ramadhani. Kisiwani Unguja, yapata saa kumi na mbili na robo jioni, waliofunga walikuwa wakingoja adhana ya magharibi wafuturu. Wakati huohuo, zaidi ya kilomita 200 juu ya vichwa vyao, alikuwa akipita mtu. Jina lake John Glenn, rubani wa Kimarekani, amefungwa mikanda ndani ya chombo kidogo kiitwacho Friendship 7, akienda kwa mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa. Alipoita kwa redio, jibu lilitoka Unguja, mahali panapoitwa Tunguu.

Msikilizaji wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Ileje na Momba bila shaka amekwisha kusikia habari za Wamarekani waliotembea mwezini. Aghalabu husimuliwa kama safari iliyoanzia Florida ikaishia mwezini, na watu wengine wote duniani wakabaki watazamaji. Mambo hayakuwa hivyo. Safari ile ilibebwa na watu waliokaa chini wakisikiliza, mmoja huku, mwingine kule, wakipokezana sauti ya msafiri. Sehemu ya usikilizaji huo ilifanyika katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, nayo ni historia yetu ya kuijua na kuisimulia.

Mwaka 1962 hapakuwa na setilaiti za kupokezana sauti ya mwanaanga kama ilivyo leo. Mawimbi ya redio yaliyotoka kwenye chombo yalikwenda moja kwa moja, hayakujipinda kuufuata mviringo wa dunia. Chombo kikishavuka upeo wa macho, sauti inakatika. Kwa hiyo shirika la NASA lilitandaza vituo 18 kuifuata njia ya chombo, vingi nchi kavu na viwili juu ya meli: Bermuda, Visiwa vya Canary, Kano nchini Nigeria, Tunguu, meli katika Bahari ya Hindi, Australia, Hawaii, Mexico, hadi kurudi Marekani. Dereva wa lori hapa Tunduma analielewa jambo hili bila kufundishwa. Gari linalotoka Dar es Salaam na shehena ya Zambia hupimwa mwanzoni mwa safari, likapimwa njiani, likapimwa tena mizani ya Mpemba, na kila mizani huandika kilichopita mbele yake. Tunguu ilikuwa mizani ya angani, isipokuwa gari lenyewe halikusimama, na muda wa kulipima ulikuwa dakika chache tu kabla meli iliyokuwa baharini haijalipokea.

Katika dakika hizo kulikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Madaktari wa wakati ule hawakujua kwa hakika moyo wa binadamu ungekuwaje akikaa saa kadhaa bila uzito. Walikuwapo hata waliohofu kwamba msafiri angeshindwa kumeza chakula. Glenn alipewa mkanda wa mpira auvute kwa nguvu ili moyo uende mbio, na daktari aliyekuwa Tunguu akafuatilia mapigo na shinikizo la damu vikichorwa kwenye mashine zilizokuwa mbele yake. Msafiri alikuwa mzima. Muda mfupi baadaye aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi, machweo yake ya kwanza siku ile, akaingia kwenye giza chini ya mwezi uliokuwa mpevu, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa imefika nusu.

Kabla ya safari hiyo kulikuwa na jambo jingine la watu wa chini. Hesabu za njia ya chombo zilifanywa na kompyuta, mashine ambazo zilikuwa bado ngeni. Glenn aliomba zipitiwe upya kwa mkono na mwanamke mmoja aliyemwamini: Katherine Johnson, mtaalamu wa hisabati, Mmarekani mweusi aliyeanza kazi katika idara ambako weusi na weupe walitengewa ofisi na hata vyoo. Johnson alizikokotoa hesabu zile. Matokeo yake na ya mashine yakalingana.

Halafu ikaja hofu. Glenn alikuwa amekwisha anza kuizunguka dunia mara ya pili wakati kipimo kimoja kilipoonyesha kwamba ngao ya kukinga joto ilikuwa imelegea. Bila ngao hiyo mtu angeungua wakati wa kurudi kwenye hewa ya dunia. Vituo vikaanza kumuuliza, kimoja baada ya kingine, kuhusu swichi fulani na kama amesikia mgongano wowote, bila kumweleza wazi kwa nini. Hatimaye wakuu wa safari wakaamua arudi akiwa bado amebeba roketi ndogo zilizofungwa kwa mikanda juu ya ngao, ili ziishikilie. Glenn alitua baharini salama baada ya kuzunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa 4 na dakika 55. Kilichokuwa na kasoro ni kipimo. Ngao yenyewe ilikuwa imara.

Hata hivyo, si kila mtu Unguja aliyeipokea Tunguu kwa mikono miwili. Makubaliano ya kujenga kituo yalifanywa mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza, wakati Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza. Chama cha ZNP kilikipinga waziwazi, na Abdulrahman Babu, aliyekuwa katibu wake, alikuwa miongoni mwa sauti kali za upinzani huo. Waliona kisiwa kinaingizwa katika ugomvi wa mataifa makubwa bila ridhaa ya wenyewe. Walihofu kwamba nyuma ya antena kulikuwa na mambo ya makombora.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tunguu haikuwa na kombora lolote. Palikuwa mahali pa kusikiliza na kupima. Lakini roketi iliyompandisha Glenn, yaani Atlas, ilibuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Yuri Gagarin naye, Mrusi aliyekuwa mtu wa kwanza kufika angani tarehe 12 Aprili 1961, alipandishwa na roketi iliyotokana na kombora la kivita. Teknolojia ya kumfikisha mtu mwezini na teknolojia ya kuangamiza miji zilikuwa ndugu wa tumbo moja, na Mzanzibari aliyeuliza maswali alikuwa na haki ya kuuliza.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakamaliza mjadala. Wamarekani wa kituoni wakaondolewa kisiwani kwa meli ya kivita pamoja na raia wenzao, na miezi michache baadaye Serikali ya Mapinduzi chini ya Abeid Amani Karume ikataka kituo kiondoke. Kikafungwa mwaka huohuo. Kazi ya kuisikiliza anga upande huu wa Bahari ya Hindi ikahamia Tananarive, Madagascar. Katika maisha yake mafupi, Tunguu ilikuwa imewapokea na kuwapitisha Glenn, Scott Carpenter, Walter Schirra na Gordon Cooper, Wamarekani wote wanne walioizunguka dunia katika mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani.

Mradi ule ulikuwa ngazi ya kupandia. Rais John Kennedy alikuwa ameliambia bunge la nchi yake tarehe 25 Mei 1961 kwamba kabla muongo haujaisha, mtu atue mwezini na arudi salama. Kujua moyo unavumilia ilikuwa hatua ya kwanza. Zikafuata safari za watu wawiliwawili, waliojifunza kutoka nje ya chombo na kuunganisha vyombo viwili angani. Ndipo ikaja Apollo 8, safari ya kwanza ya binadamu kufika mwezini.

Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders waliondoka Florida tarehe 21 Desemba 1968, saa tisa na dakika 51 alasiri kwa saa za Tanzania, juu ya roketi ya Saturn V yenye urefu wa takriban mita 111. Hakuna binadamu aliyekuwa amepanda roketi ya aina hiyo kabla yao. Baada ya saa mbili na ushei wa kuizunguka dunia, injini iliwashwa tena, nao wakawa watu wa kwanza kuiacha dunia nyuma yao. Sasa vituo vidogo vya kupokezana havikutosha. Kwa umbali wa kilomita zaidi ya 370,000, sauti ilidakwa na antena kubwa tatu zenye kipenyo cha mita 26, zilizowekwa California, Hispania na Australia, ili dunia inapojizungusha, mojawapo iwe imeuelekea mwezi. Neno lililosemwa huko lilichukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika masikioni mwa watu.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo hakuna antena iliyofaa kitu: nyuma ya mwezi. Jumanne tarehe 24 Desemba, karibu saa saba mchana kwa saa zetu, chombo kilipita upande ule na redio ikanyamaza. Huko huko ndiko injini ilikotakiwa kuwaka kwa takriban dakika nne ili kupunguza mwendo, chombo kishikwe na mvutano wa mwezi. Ikiwaka muda mfupi mno, wangepotea njia. Ikizidi, wangeugonga mwezi. Waongozaji wa safari waliokuwa Houston hawakuwa na la kufanya ila kutazama saa. Sauti ya Lovell iliporudi, ilirudi katika dakika ileile iliyotabiriwa na hesabu.

Waliuzunguka mwezi mara 10 kwa muda wa saa 20. Wakaeleza walichokiona: nchi ya kijivu, makovu ya vimondo juu ya makovu, hakuna mti wala maji. Mnamo saa moja na dakika 40 usiku kwa saa zetu, Anders akaiona dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, akaomba filamu ya rangi na kupiga picha ambayo imechapishwa katika vitabu visivyo na idadi. Alfajiri ya Krismasi kwa upande wetu, walisoma aya za mwanzo za kitabu cha Mwanzo mbele ya kamera, na watu wa nchi nyingi wakawasikia.

Usiku ule mwezi ulikuwa hilali ya siku chache tu upande wa magharibi. Ulikuwa mwezi mchanga wa Shawwal, uleule ambao Waislamu walikuwa wameutafuta angani siku chache nyuma kwa ajili ya Idi el Fitri. Watu watatu walikuwa wakiuzunguka.

Na Tunduma? Mwaka 1968 mji huu ulikuwa na mambo yake mazito. Tangu walowezi wa Rhodesia Kusini wajitangazie uhuru wao haramu mwaka 1965, Zambia ilikuwa ikitafuta njia ya kufika baharini bila kupita kwao, na mafuta yake yalipita hapa kwa malori, katika barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mwaka huohuo wa Apollo 8 bomba la TAZAMA lilikamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na wapima ardhi wa Kichina walikuwa wamekwisha anza kutafuta njia ya reli ya TAZARA. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ingekuja miaka ya 1990. Habari za mwezini zilifika kwa redio na magazeti. Hata Neil Armstrong alipoukanyaga mwezi, ilikuwa Jumatatu tarehe 21 Julai 1969, dakika chache kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, wakati ambao mkulima wa kahawa wa Mbozi huwa ameshaamka.

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mtu aliyetaka kuwatangulia Wamarekani. Edward Mukuka Nkoloso alizaliwa mwaka 1919 kaskazini mwa Zambia. Katika Vita Kuu ya Pili alitumika katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la kikoloni. Baadaye akawa mwalimu na mpigania uhuru, akafungwa na kuteswa. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, tayari alikuwa ameanzisha chuo chake cha sayansi na utafiti wa anga karibu na Lusaka. Wanafunzi wake, akiwamo msichana wa miaka 17 aitwaye Matha Mwamba, walibingirishwa mlimani ndani ya pipa la mafuta na kubembezwa kwa kamba, ili wazoee hali ya kukosa uzito. Nkoloso aliomba pauni milioni saba kutoka UNESCO. Hakupewa. Waandishi wa nje walimwandika kwa kicheko, Matha akapata ujauzito na kuchukuliwa na wazazi wake, na mradi ukafifia.

Kicheko kile hakikumtendea haki. Mwandishi wa Zambia Namwali Serpell, ambaye amemweka Matha katika riwaya yake ya mwaka 2019, The Old Drift, amefuatilia maisha ya Nkoloso na kumwonyesha kuwa mwanasiasa makini aliyewafunza vijana pia kwa ajili ya ukombozi. Kilichomkwamisha kinaonekana ukimweka kando ya Apollo. Kazi ile ya Wamarekani ilipofikia kilele iliajiri watu wapatao 400,000, wahandisi, washonaji wa mavazi ya angani, wakokotoaji, wasikilizaji wa redio. Nkoloso alikuwa na wasafiri jasiri. Hakuwa na jeshi la watu wa kubaki chini, wala taifa lililozaliwa juzi halikuwa na fedha za kulilipa.

Wamarekani walipotua mwezini mara sita kati ya 1969 na 1972, walileta kilo 382 za mawe na udongo. Mawe hayo yaliwaambia wanasayansi kwamba tambarare nyeusi zinazoonekana mwezini kwa macho matupu ni zaha iliyoganda miaka zaidi ya bilioni tatu iliyopita. Nadharia inayokubalika zaidi leo, kwamba mwezi ulitokana na mgongano mkubwa ulioikumba dunia changa, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mawe hayo.

Hapa Songwe tuna jiwe letu. Ukiwa katika barabara kuu ya kutoka Mbeya kuja Vwawa, unachepuka kuelekea Ndolezi, wilayani Mbozi, na hapo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi kiko Kimondo cha Mbozi. Kina urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, yaani zaidi ya mara 40 ya mawe yote ya Apollo. Karibu asilimia 90 ni chuma, na asilimia nane na ushei ni nikeli. Wanasayansi walianza kukiandika mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho siku zote. Leo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Chuma cha namna hiyo hutokea katika kiini cha gimba la angani lililoyeyuka, vitu vizito vikazama katikati, kisha likavunjika. Yaani mwanafunzi wa Mbozi anaweza kusimama mbele ya kitu ambacho kwenye dunia yetu kingefanana na kiini chake, mahali ambapo hakuna mtambo wa kuchimba uliowahi kufika.

Jirani zetu wamekwisha anza kujenga upya kazi ya watu wa chini. Wahandisi watatu wa Uganda walijifunza Japani na kuunda setilaiti ya PearlAfricaSat-1, iliyotoka duniani Novemba 2022. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Tanzania ina wanafunzi wa fizikia na walimu wa hisabati wa kuifuata njia hiyo, na mahali pa kuanzia ni karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kila baada ya dakika kama 93, kwenye kimo cha kilomita zipatazo 400, na kwa nyakati fulani hupita juu ya Songwe. NASA hutangaza kwenye intaneti saa za kukiona kwa mahali popote. Wanaanga wake huzungumza na shule kwa redio katika masafa ya megahezi 145.800, na redio ndogo ya mkononi yenye masafa hayo inatosha kuwasikia ikiwa wanazungumza kituo kinapopita juu. Shule ya sekondari ya Tunduma au Ileje ikipata redio moja, kazi ya darasa ni hii: wanafunzi watafute saa ya kituo kuchomoza siku yenye mazungumzo, wakokotoe kitakuwa juu ya upeo kwa muda gani, watoke uwanjani na redio, waandike dakika sauti iliposikika na dakika ilipokatika. Wakirudi darasani walinganishe walichokiandika na walichokokotoa, na mwalimu wa fizikia awaulize tofauti imetoka wapi.